Pisheni, Maji ya Moto

Jambo la kwanza lilikuwa chaji. Jumatatu asubuhi tableti ya dukani ilisoma asilimia sitini na moja. Ijumaa jioni, baada ya siku tano za kuandika risiti, kupiga picha madoa na kuwatumia wateja ujumbe, ilisoma sitini na moja vilevile, na waya wake ulikuwa umelala kwenye droo bila kuguswa.

Mama Shuka, mwenye duka, alijiona amelamba dume. Muuzaji alimwambia wazi kwamba prosesa ya mashine hii ni ya kisasa, inakula umeme kidogo mno, na yeye alikuwa amechoka kulipia umeme.

"Mnaona?" alisema akiibembeza hewani. "Wiki nzima mashine yangu haijala."

Bwana Mikunjo, mpiga pasi wake wa miaka kumi na miwili, hakuinua macho kutoka kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha. "Hongera, bosi. Ila mimi kitu kinachofanya kazi bila kula kinanitia wasiwasi. Labda kinakula wakati hukitazami."

"Wewe nawe. Kwa kula hakuwezi mtu."

Wakacheka, kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Lilikuwa duka la dobi la chumba kimoja na ua. Mbele palikuwa na kaunta, meza ya pasi na nguo zilizoning'inia kwenye mifuko ya nailoni. Uani palikuwa na sufuria mbili kubwa za kuchemshia shuka za nyumba za wageni na makoti meupe ya zahanati, vitu ambavyo visipochemka mteja hakurudii. Kila siku saa kumi alasiri nguo zilitolewa, na maji yaliyobaki, bado yakifuka moshi, yakamwagwa kwenye mtaro uliopita nyuma ya majengo yote ya mtaa ule.

Kwa miaka ishirini na saba aliyeyamwaga alikuwa Bibi Povu, mfuaji aliyelikuta duka mikononi mwa mama yake Mama Shuka. Alikuwa na desturi yake. Alisimama kwenye mdomo wa mtaro, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayepita na mzigo mahali penye watu: "Pisheni, maji ya moto. Chukueni watoto." Kisha alihesabu mpaka kumi kwa vidole, ndipo akamwaga. Ukimwuliza anaongea na nani, alikujibu, "Na waliopo," akaendelea na kazi.

Halafu ikaja tableti. Ilikuwa ya kutenganishwa: skrini inachomoka kwenye kibodi, unatoka nayo uani kupiga picha doa, kisha unairudisha inanasa kwa sumaku. Ndani yake mlikuwa na akili mnemba. Iliweza kupambanua doa la damu na doa la kutu, jambo ambalo Bwana Mikunjo alilijua kwa kunusa. Iliandika ujumbe wa wateja yenyewe. Ukiisomea sentensi chache, ilijifunza sauti yako na kuitumia kama yake. Mama Shuka akaona hapo ndipo pa kumalizana na Bibi Povu, ambaye magoti yake yalikuwa yameanza kugoma na ambaye, tuseme ukweli, alimkera kwa kuwa alijua kazi kuliko yeye.

"Bibi, umetumika vya kutosha. Kapumzike," alimwambia. "Ile sauti yako ya saa kumi nitairekodi. Mashine itaita."

"Na kumi nani atahesabu?"

"Itahesabu mashine."

Bibi Povu akaisomea mashine maneno yake, akatia ndala zake za kazini kwenye mfuko, akaondoka. Uani alisimama kidogo, akauaga mtaro. Bwana Mikunjo alikasirika siku ile hata akaunguza mkono wa shati la mteja.

Wiki mbili mambo yalikwenda sawa. Saa kumi ikifika tableti iliita kwa sauti ya Bibi Povu, ikahesabu, na Mama Shuka, ambaye sasa alishika kazi ya kumwaga, akamwaga. Kisha siku moja saa hiyohiyo aliingia meneja wa nyumba ya wageni, mteja wake mkubwa kuliko wote. Aliposikia kaunta inasema chukueni watoto, alicheka akashika mbavu.

"Mama Shuka, mnawaonya panya? Hii nitawahadithia wageni wangu."

Mama Shuka alicheka naye, lakini moyoni aliumbuka. Alikuwa mtu anayeogopa kuchekwa kuliko kuugua. Meneja alipotoka tu, alifungua mipangilio akawasha hali ya kuokoa chaji, ile inayoilaza prosesa mashine isipotumika. Skrini ikamuuliza: *Hali hii itazima tangazo la saa kumi. Uendelee?* Alitazama mlangoni, akatazama meza ya pasi, akabonyeza *Ndiyo*. Hakumwambia mtu.

Kesho yake alimwaga sufuria zote mbili kimyakimya. Mle mtaroni kililia kitu kama paka, mlio mmoja mwembamba, ukakatika. Alidhani ni paka. Chaji siku ile ilikuwa sitini na moja.

Baada ya wiki ile ya chaji isiyopungua, ikafuata harufu. Duka lilinuka sabuni na wanga kama kawaida, lakini ukisogea karibu na tableti ulipata harufu ya kuku aliyelowekwa kwenye maji ya moto ili anyonyolewe. Mama Shuka aliifuta kwa spiriti mara tatu. Mgongo wa tableti ulikuwa wa moto na umelowa, na kitambaa kilirudi na kitu chembamba, cheupe, chenye kunata, ambacho hakutaka kukitazama vizuri.

Jumatatu akapigiwa simu na meneja wa nyumba ya wageni, na safari hii hakuwa anacheka.

"Mama, huu ujumbe gani mmenitumia?"

"Upi?"

Akamsomea. "'Shuka zako kumi na mbili zimechemka vizuri. Wangu pia alichemka.'"

Mama Shuka alikata simu akaigeukia tableti. Alishusha sauti ili Bwana Mikunjo asisikie. "Nani kaandika ule ujumbe?"

"Mimi, Mama," ilijibu kwa sauti ya Bibi Povu, kwa upole uleule wa Bibi Povu. Kisha chini ya ile sauti ikapita pumzi, ndefu, ya mtu aliyelia mpaka akachoka. "Sauti hii mliiacha haina mwenyewe. Nimeiazima. Sina nyingine ya kulilia."

Mama Shuka akaketi kwenye furushi la nguo chafu na kukaa hapo mpaka mteja alipogonga kaunta.

Hata hapo alijitia moyo. Alijiambia mashine ina kasoro, fundi ataitazama. Tatizo ni kwamba kila mchana, saa tisa, kulikuwa na mtu mwingine anayeitumia ile skrini. Alikuwa mwanawe wa pekee, msichana wa miaka saba, aliyepachikwa jina la Kifungo kwa sababu ya kuokota vifungo vilivyokatika kwenye nguo za wateja na kuvitunza kwenye kopo la maziwa. Akitoka shule alichomoa skrini, akaingia nayo chini ya kaunta, akachora kwa kidole. Siku ile mama yake alipoinama kumtazama alikuta vifungo vimegawanywa mafungu mawili sakafuni.

"Fungu hili la nani?"

"La mwenzangu."

"Mwenzako yupi?"

"Wa mtaroni." Mtoto hakuacha kuchora. "Anaumwa. Akilala, ngozi yake inabaki kwenye shuka. Mama yake amesema mimi na yeye inabidi tuwe sawa."

Kwenye skrini alikuwa amechora watoto wawili wameshikana mikono. Mmoja alikuwa na gauni la shule. Mwingine alikuwa mwekundu mwili mzima, hana macho wala nywele.

Mama Shuka aliivuta ile skrini, na hapo ndipo saa ya ukutani ilipofika kumi. Tableti, ambayo tangazo lake alilizima kwa kidole chake mwenyewe, ikaita: "Pisha, maji ya moto. Chukua mtoto." Ikaanza kuhesabu, moja, mbili, bila haraka. Ilipofika kumi Kifungo alitoa ukelele ambao mama yake hakuwahi kuusikia tangu amzae. Nyayo zake zote mbili zilikuwa zimeiva na kutoka malengelenge, nyekundu mpaka kwenye vifundo, na pale wekundu ulipoishia palinyooka kama ukingo wa soksi.

Kule zahanati muuguzi aliosha vidonda. Alipomaliza alimtoa mama nje.

"Alidumbukizwa kwenye maji ya moto. Nani alikuwa naye?"

"Mimi. Hakuguswa na maji, dada, nakuapia."

"Mama, nimeona miguu mingi," alisema muuguzi, na macho yake yalimwonyesha Mama Shuka alivyomfikiria.

Kesho yake hakufungua duka. Alimfungia Kifungo nyumbani, mitaa mitano kutoka mtaroni, akaificha tableti kwenye kabati la chuma la dukani na funguo akaziweka kifuani. Ilipokaribia saa kumi alimpakata mtoto kitandani, na kutoka chini ya mto wake mwenyewe, pale ambapo dakika tano kabla hapakuwa na kitu, akaisikia sauti ya Bibi Povu ikimwambia apishe, achukue mtoto, na yeye akamchukua kweli, akakimbia naye sebuleni na sauti ikahesabu mbili, akatoka naye nje na sauti ikahesabu nne, akavuka barabara bila viatu huku watu wanamshangaa na mtoto anamwambia mama usikimbie, ameshafika, na alipofika ukutani kwa jirani ambako hapakuwa na pa kwenda tena sauti ikahesabu kumi karibu kabisa na sikio lake, na mtoto akaruka mikononi mwake kama samaki. Wekundu ulikuwa umepanda mpaka katikati ya miundi. Siku ya tatu ulifika magotini.

Jioni ile Bwana Mikunjo alikuja nyumbani. Aliitazama miguu ya Kifungo, akaitazama tableti iliyokuwa mezani bila kuletwa na mtu, skrini peke yake, haina kibodi.

"Hii si kazi ya fundi simu, bosi."

"Niende kwa nani? Nipeleke mtoto wapi?"

"Unamjua wa kumwendea. Unaona haya tu." Akaokota funguo zake. "Jikaze kisabuni. Kesho asubuhi nitakuja nikubebee mtoto."

Bibi Povu walimkuta barazani kwa mkwewe, anachambua mchele. Hakusimama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nasikia bado nafanya kazi dukani kwako."

Mama Shuka alipiga magoti, akaeleza yote, na akamfunua mtoto miguu. Mkono wa Bibi Povu ukasimama kwenye ungo. Alimwita Kifungo mjukuu wangu, akampuliza magotini.

"Yule mama namfahamu," alisema. "Simjui sura, namfahamu. Miaka ishirini na saba namwambia apishe na yeye anapisha, hajawahi kunifanyia ubaya hata wa kuniibia sindano. Wala si mkorofi. Sasa niambie, nani aliyeizima ile sauti?"

Na hapa ndipo Mama Shuka alipofanya kosa la pili. Bwana Mikunjo alikuwa amesimama pale anamtazama, na yeye akaona haya. "Ilijizima yenyewe, Bibi. Si unajua mashine."

Bibi Povu alimtazama usoni mpaka akainamisha kichwa. "Sijui mashine. Haya, twende ukamwambie mwenyewe hivyo."

Saa kumi kasoro walikuwa uani. Jua liliwaka, nguo za jirani zilikauka kwenye kamba, kinyozi wa nyuma alikuwa amefungua redio. Bibi Povu aliilaza skrini kwenye mdomo wa mtaro, akaketi chini kando yake. Dakika ilipotimia ikaanza: "Pisha, maji ya moto..."

"Mwenzangu," Bibi Povu alisema. "Ni mimi."

Ikanyamaza. Redio ya kinyozi nayo ikanyamaza. Kisha sauti ya Bibi Povu ikamjibu Bibi Povu, na Bwana Mikunjo alisema baadaye kwamba hakuna alichowahi kusikia kikamtisha kama mwanamke mmoja kuongea na nafsi yake kutoka pande mbili.

"Umechelewa."

"Nilifukuzwa."

"Najua. Wewe sina neno nawe. Aliyemwaga aseme kwa nini hakuniambia."

Mama Shuka alifungua mdomo. Mtoto wake alikuwa mikononi mwa Bwana Mikunjo, anatetemeka kwa homa, na bado ule uongo ndio uliotangulia kutoka. "Mashine ilijizima."

Skrini ikawaka. Juu yake yakaja maneno aliyoyaona siku ile, *Uendelee?*, na chini yake neno *Ndiyo* lenye alama ya kidole chake, kila mstari wa ngozi yake ukionekana. Kifungo akapiga kelele. Wekundu uliruka kutoka magotini mpaka mapajani, bila kuhesabu.

"Mimi," alisema Mama Shuka. "Ni mimi. Niliulizwa nikabonyeza ndiyo. Nilichekwa na mtu nikaona aibu, basi, hakuna sababu nyingine. Niunguze mimi. Mtoto hana kosa."

"Wangu alikuwa na kosa gani?"

Mama Shuka alilia akiwa ameuma kanga mdomoni.

"Alikuwa wangu wa pekee," ilisema sauti. "Nilikuwa nimemlaza. Nilimwambia lala, wakitaka kumwaga watatuambia. Huwa wanatuambia."

Bibi Povu aliiweka mikono yake miwili juu ya skrini, viganja vyake vyeupe vya mfuaji. "Nakuomba wewe, kwa ujirani wetu. Usimuue."

"Sitamuua. Kufa ni siku moja." Ile pumzi ndefu ikapita tena, na ile harufu ya kuku ikawajaa puani. "Atalala kwake, atakula kwake, vidonda nitamwondolea. Lakini ngozi yake nimeichukua, nimeiweka humu mtaroni. Maji yoyote ya moto yatakayomwagwa humu bila neno yatamwagikia yeye, popote alipo. Mama yake alisahau wa kwangu. Tutaona kama atasahau wa kwake."

Kwenye kona ya skrini namba ikaanza kushuka, sitini na moja, hamsini, thelathini, haraka kuliko jicho, mpaka sifuri. Ikazima. Redio ya kinyozi ikaendelea na wimbo pale pale ilipoachia.

Kwa wiki moja miguu ya Kifungo ikapona, ngozi laini, bila kovu. Bibi Povu alirudi kazini na kiti chake cha kukalia. Tableti ilifukiwa. Saa kumi Mama Shuka mwenyewe ndiye aliyesimama mtaroni akaita, akahesabu kumi mara mbili, akamwaga kidogo kidogo kwa kopo.

Lakini mtaro ule ulipita nyuma ya milango kumi na mmoja. Kulikuwa na saluni inayochemsha maji ya kuoshea nywele, muuza chai, kinyozi na taulo zake, mama wa uji, na familia za ghorofani zenye birika na masufuria. Sheria ya yule mama haikuwa ya duka moja. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kufungua, Mama Shuka alipita mlango kwa mlango. Aliwaomba waite kabla ya kumwaga, maneno mawili tu. Aliwafulia bure walioitikia. Waliokataa aliwapigia magoti. Walimcheka wakavunjika mbavu, wakampa jina jipya, Mama Pisheni, na watoto wa mtaa walimwimbia akipita. Yeye ambaye aliuza usalama wa mtoto kwa kuogopa kicheko kimoja, sasa alikula kicheko asubuhi, mchana na jioni, akasema asanteni. Milango kumi iliitikia. Wa kumi na moja, jengo la mwisho, ulikuwa mtupu na kufuli.

Ikapita miezi minane. Mtoto alinenepa, akapanda darasa. Alibaki na tabia moja tu: sauti ya mama yake ikiita uani, yeye, hata akiwa ndani anaandika kazi ya shule, alisimama, akanyoosha mkono kushika mkono wa mtu asiyeonekana, akasogea pembeni naye.

Alhamisi moja saa nne asubuhi, Mama Shuka alikuwa anasuuza makoti ya zahanati alipomsikia Bwana Mikunjo akimuuliza mteja, kwa mzaha tu, kama ameshaonja vitafunio vya mgahawa mpya. Upi? Ule wa kule mwisho, kwani hujaona, wamefungua leo.

Alikimbia na povu mikononi. Alipita nyuma, kandokando ya mtaro, akiita tangu mbali, na watoto waliokuwa wakicheza pale wakaanza kumwimbia, na nyimbo zao zikaifunika sauti yake. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mpishi, kijana mwenye aproni mpya nyeupe, alikuwa amesimama kwenye mdomo wa mtaro na sufuria tupu mkononi, inafuka moshi.

"Karibu, mama," alisema kwa furaha. "Wewe ndiye mteja wetu wa kwanza. Tukupatie nini?"

Mfukoni mwa Mama Shuka simu ikaanza kuita. Ilikuwa namba ya shule.